Nazirbhai na Lulu, Farasi wa Mwisho Zizini

Kama tulivyokuwa tukisema juzi tukifagia zizi, hakuna aliyetaka kuandika ukurasa huu wa kuaga. Nazirbhai (bhai ni kaka), mzaliwa wa Moshi, anastaafu Ijumaa, tarehe 3 Oktoba, baada ya kutunza farasi wetu hapa Brampton miaka ishirini na minane. Siku hiyohiyo zizi linafungwa. Kiwanja kimeuzwa, yatajengwa maghala.

Kwao Nazirbhai mgeni hamalizi chai kabla hajaulizwa ni wa wapi na ni mjukuu wa nani, na farasi aliwatambulisha hivyohivyo. Hukupanda mpaka ujue ukoo. Huyu wa madoadoa, mwenye michirizi kwenye kwato, ni Apalusa; wazee wake walilelewa na watu wa Nez Perce, wenyeji wa kaskazini-magharibi ya Marekani. Yule mwenye mapaja manene ni Kwota, aliyepewa jina kwa mbio fupi za robo maili, kipenzi cha wachunga ng'ombe. Mustang babu zake waliletwa na Wahispania, wakatoroka, wakawa wa porini. Na Lulu, jike mweusi, mfupi, mwenye shingo nene na moyo mtulivu, ni Morgan, uzao wa dume mmoja wa New England, hukohuko Marekani, anayesimuliwa kuwa alivuta magogo mchana na kushinda mbio jioni.

Kwenye harusi yangu mwaka huu, Kazim, mjomba wa mume wangu Asad, alitaka bwana harusi aje juu ya Kwota mwekundu, apendeze kwenye picha. Nazirbhai alikataa.

"Kazimbhai, huyu akisikia ngoma anafyatuka. Bwana harusi utamfuata Malton, uwanja wa ndege."

"Lulu mfupi. Miguu ya kijana itafagia barabara."

"Ifagie, lakini afike."

Akafika, Asad wangu, uso unang'aa, mkono wa Nazirbhai kwenye hatamu. Nikikumbuka, moyo bado unaniruka.

Farasi wengine wamenunuliwa. Lulu ni mzee, hakuna aliyemtaka. Nazirbhai alikuwa akiacha chakula cha mchana ili akae naye, akimsugua mgongo. Mwenyewe anahamia Parkdale kwa binti yake Shafina, ghorofani, na macho hayamruhusu tena kuendesha gari.

Jumanne Wayne, anayetuuzia nyasi kavu, alikubali kumchukua Lulu shambani kwake, karibu na Orangeville. Nazirbhai alimpandisha kwenye trela kwa mkono wake. Kabla mlango haujafungwa alimweleza Wayne ukoo wote, tangu yule dume wa kwanza. Baba yangu alisimama hivyohivyo siku aliponikabidhi kwa Asad. Kisha Nazirbhai akarudi ndani, akafagia chumba kitupu cha Lulu.

Ahsante, Nazirbhai, kwa kila farasi na kila mtu uliyemfikisha salama. Mungu akupe afya, na wajukuu wasiochoka kukusikiliza. Buti zako usizigawe, ziweke mlangoni. Asad ameshaomba ruhusa kazini: kabla Oktoba haijaisha tunakuja Parkdale kukuchukua, twende kwa Lulu.

Zahraa