Laptopu Nzima Isiyodarizi

Ndugu zangu, ile laptopu mliyoninunulia mwaka jana, mkaiwekea mikono na kuiombea ikiwa bado ndani ya boksi, haijawahi kutoa beji hata moja. Si mbovu. Inawaka, na nimekuja nayo hapa. Wenzangu wa Voi wanajua habari hii. Ninyi mliotoka Wusi na Taveta mlichanga na wengi wenu hamjaambiwa, kwa hiyo nivumilieni nianze mwanzo.

Mimi ni fundi wa kudarizi beji za sweta za shule. Mashine yangu haijui kuchora. Inafuata mchoro unaotoka kwenye kompyuta, kwa programu moja yenye ufunguo wake, kidude kidogo cha kuchomeka ubavuni. Bila hicho kidude programu haifunguki. Nimeishi kwa kazi hiyo miaka kumi na moja. Mwaka jana stima ilipotea Voi, na iliporudi ilirudi na nguvu za ajabu, ikaunguza kompyuta yangu. Ninyi mkasema katibu wetu wa kikundi hawezi kukaa hivi hivi, mkachanga.

Mnanijua, mimi ni mtu wa daftari. Nilienda dukani na maswali saba yaliyoandikwa. Betri inakaa saa ngapi? Inapata joto? Waranti je? Muuzaji alijibu yote, akanionyesha moja ya bei ya chini, nyepesi kama sahani.

"Mama, hii ina prosesa mpya. Dunia yote inahamia huku. Unachaji leo, kesho bado inakuangalia tu."

Hakudanganya. Betri ni kama alivyosema. Lakini kulikuwa na swali la nane, kama programu yangu itaelewana na prosesa hiyo, ule ubongo wa kompyuta, na mimi sikujua kwamba swali kama hilo lipo.

Baada ya maombi yenu nilifika nyumbani, nikachomeka kidude. Programu ikasema haioni ufunguo. Nikachomeka upande wa pili. Nikazima, nikawasha. Siku ya tatu nikairudisha dukani.

"Imeharibika wapi, mama?"

"Haijaharibika. Haifanyi kazi yangu."

"Sasa mimi nitarudisha aje kitu kizima?"

Nikaibeba, nikarudi nayo nyumbani. Mwalimu mmoja wa kompyuta alinieleza hivi: prosesa mpya ni kama mtu anayejua Kidawida, na programu za zamani zimeandikwa Kitaveta. Ndani ya laptopu yuko mkalimani, na programu nyingi zinapita kwake bila shida. Ila kidude changu kinakutana na mlinzi wa getini kwanza, na huyo mlinzi hana mkalimani. Mpaka waliotengeneza kidude waandike upya maelezo yake, hapo hapapitiki. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Mama, ni kungoja."

Sasa nawaambia nilipoangukia. Mkutano uliofuata, mwenyekiti aliuliza, "Katibu, laptopu inaendeleaje?"

Mama mmoja akadakia, "Inaendeleaje na huoni amenenepa!"

Watu wakacheka. Nikatazama nyuso zile, nikasema inaendelea vizuri. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu, niliandika kwa mkono wangu: namba nne, laptopu ya katibu inafanya kazi vizuri.

Kuanzia hapo nikawa natuma kazi Mombasa kwa basi, kwa fundi nisiyemjua, naye anarudisha beji nazipeleka shuleni kama zangu. Mchoro wangu wa awali uliungua na kompyuta, kwa hiyo yeye alichora upya akifuata picha ya simu. Shule moja ya huku milimani ina tembo kwenye beji. Mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Mama, hebu hesabu miguu ya huyu mnyama."

Ilikuwa mitano. Mkonga ulikuwa umeshuka mpaka chini na kuota kucha.

"Watoto wanachekana paredi nzima," akasema. "Nilikuamini."

Shule hiyo ilienda kwa fundi mwingine, na nyingine ikaifuata. Mashine nikaifunika shuka. Kila asubuhi nilifungua laptopu, nikatazama betri imejaa, nikaifunga.

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha katika mkutano wa Voi, mwenyekiti akaniambia nisome kumbukumbu za nyuma. Sababu ni kwamba dada mmoja wa Wusi alikuwa anaanza kudarizi, kwa programu kama yangu, na kikundi kilitaka kumchangia laptopu ya aina ile ile, "kwa sababu ya katibu imetufaa." Nikasoma. Namba nne nikaisoma. Mwenyekiti akauliza, "Kuna marekebisho?"

Yule dada alikuwa ameketi mbele yangu, anatabasamu.

Ndugu zangu, mimi si jasiri. Mkono wangu ulipanda nusu, ukashuka, ukapanda.

"Katibu unarekebisha maandishi yako mwenyewe?"

"Namba nne si kweli. Niliwadanganya."

Nikaeleza yote nikiwa nimeinamia daftari. Nilipomaliza, bibi mmoja akauliza, "Kwani siku ile tuliombea nini?"

"Betri," mwingine akajibu. Walicheka mpaka nikalia.

Nawashukuru mlionicheka na hamkunifukuza. Namshukuru mama aliyenipa kompyuta ya marehemu mumewe, isiyokaa na chaji hata dakika. Kidude kinawaka humo, na nimerudia kazi kidogo, mradi stima iwepo. Funzo langu ni fupi: ukipewa kitu na watu wanaokupenda na kisikufae, sema siku hiyo hiyo. Nilidhani nalinda furaha yenu. Nilikuwa naficha aibu yangu, na karibu nimbebeshe mwenzangu hasara.

Niliwaandikia wenye programu. Walijibu kwamba wanaishughulikia prosesa mpya, tarehe hawajui. Kompyuta ya marehemu nayo imeandika kwenye kioo kwamba haitapokea tena masasisho. Yule dada wa Wusi bado hajanunua. Asubuhi hii alinishika mkono pale mlangoni, akaniuliza achukue ipi, ile ya zamani inayoachwa au ile mpya ambayo haijawa tayari. Pesa yake iko na mweka hazina, na mimi sijamjibu.