Maneno Niliyoyakata kwa Wembe

Ndugu zangu wa kwaya, akina mama na akina baba, namshukuru Mungu aliyenisimamisha hapa Mbeya mbele yenu nikiwa na pumzi na akili zangu. Wale tunaofanya nao kazi chumba cha kurekodia hunicheka. Wanasema mzee huyu hashiki wembe mpaka tepu inakiliwe, hata iwe ya mtu anayepiga chafya. Ni kweli. Leo nitawaambia kwa nini, na majina ya watu nitayaacha.

Miaka hii ya sabini ilipoanza nilikuwa Iringa, fundi wa sauti katika karakana ndogo ya kanisa. Tukaletewa kinanda cha ajabu. Chini ya kila kibao chake kulikuwa na kipande cha tepu. Ukibonyeza kibao, kipande kinapita na kutoa sauti iliyorekodiwa humo kwa sekunde nane. Ukiachia, springi inakirudisha mwanzo. Kilikuja na sauti za fidla za Ulaya. Wazee wa kanisa wakasema, kwa nini kisilie kama kwetu? Wakanipa kazi ya kuandaa sauti za ligombo, lile zeze la Wahehe, kwa vibao vyote thelathini na tano.

Kazi hiyo haitaki haraka. Unarekodi uzi mmoja ukilia peke yake mpaka uishe. Kisha unautafuta mwanzo wake kwenye tepu kwa kuizungusha kwa mkono, mbele na nyuma, unakata kwa wembe pale pale sauti inapoanza, maana ukibakiza kimya hata kidogo, kibao kitachelewa kuitika. Sauti moja isiizidi nyingine kwa nguvu. Pumzi, kikohozi na maneno vyote vinakatwa. Sisi tuliviita takataka.

Mpigaji alitoka Idodi, mzee kipofu, akiongozwa na binti yake aliyebeba mtoto mgongoni. Nikaona mara moja kwamba wale wawili hawasemezani. Binti alimshika mkono, akamkalisha, akamwekea ligombo magotini, bila neno. Baadaye nikaambiwa kwamba aliolewa na mfugaji aliyehamia Usangu kutoka kaskazini, na baba yake hakukubali. Tangu siku hiyo binti alimlisha, akamfulia, akamwongoza njia, na mzee hakumjibu kitu.

Mtoto akalia. Nikamwambia yule mama atoke nje, tunataka kimya. Akatoka.

Tulifanya kazi siku tatu. Mzee alikaza nyuzi na kulegeza, akapiga, tukasubiri ziishe kulia. Siku ya tatu akaacha kupiga kidogo.

"Kijana, hii mashine inashika na maneno?"

"Inashika kila kitu, mzee."

"Basi iache iende."

Akasema Kihehe kwa muda, taratibu, akikohoa katikati. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Kihehe changu wakati ule kiliishia kwenye salamu ya "kamwene". Alipomaliza akanigeukia. "Hayo ni ya binti yangu. Ana kwa ana siwezi. Nikifa, mpe." Nikasema sawa mzee, nimesikia. Nawaambia kweli, masikio yangu yalikuwa bado kwenye nyuzi.

Aliyenifundisha kazi alinionya kwamba wembe haugusi tepu ya kwanza. Unanakili, unakata ile nakala. Lakini tepu zilikuwa adimu, nami nilikuwa na moja tu tupu, niliyoiweka kwa ajili ya mkutano mkubwa wa kwaya. Wageni wa kanisa walikuwa wanakuja baada ya wiki moja kusikia kinanda kikilia Kihehe, na mimi nilitaka wajue fundi ni nani. Nikakata ile ya kwanza. Vipande vya ligombo nikavipanga kwenye vibao. Vilivyobaki vikaanguka sakafuni, na mama mfagiaji akavizoa.

Kinanda kililia vizuri sana. Wageni walipiga makofi. Nililala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Hata miezi miwili haikupita, binti akaja peke yake, amejifunga kanga nyeusi. Alisema baba amefariki, na kabla ya kufa alimwambia neno moja tu, la kwanza baada ya miaka mingi: nenda kwa yule fundi, nimekuachia maneno kwenye mashine yake.

Ndugu zangu, pale ndipo nilipokumbuka.

Nikamwambia mashine iliungua na tepu ikaungua nayo. Alikaza kanga yake. Kisha akauliza, "Uliyasikia? Alikuwa amekasirika?" Nikasema sijui Kihehe, mama. Hilo peke yake lilikuwa kweli.

Akaenda zake. Nami nikaanza kuoza. Nilimwibia mama yule, na nilichomwibia hakinunuliki. Kila kinanda kilipolia kanisani nilisikia mahali nilipokata. Nikiomba, maneno yalinikwama. Nikaacha kuomba, nikaenda kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi, pamoja na wanaokunywa toka asubuhi, mimi niliyekuwa nikifundisha kipaimara. Mwisho nikaomba uhamisho kuja huku Mbeya, nikajidanganya kwamba ni kwa ajili ya hali ya hewa. Huku nako nilikunywa. Zilikuwapo asubuhi nilizokaa kitandani nikishindwa kuona kwa nini mtu kama mimi avae viatu. Kama yupo hapa leo aliyefika pale, na ajue simzungumzii kwa mbali.

Siku moja mchana, mlango wa karakana ukabishwa. Ni yule binti wa mzee, na mtoto sasa anatembea. Alikuwa amepanda basi toka Iringa. Hakuja kugombana. Alisema mumewe anataka kumpeleka Usangu moja kwa moja, na yeye anashindwa kuondoka bila kujua kama baba alimlaani. Akaomba nimwonyeshe hata majivu ya ile tepu, ayazike.

Nilipiga magoti sakafuni. Nikasema, "Mama, haikuungua. Niliikata mwenyewe. Nikakudanganya."

Alimvuta mtoto karibu naye. Kisha akasema, "Vipande viliingia wapi?"

Mimi, fundi, katika kulia kwangu kote sikuwahi kujiuliza swali hilo.

Kesho yake tulipanda basi kurudi Iringa. Mama mfagiaji alikuwa akiishi Ipogolo, analima mtama kando ya mto. Nilipomuuliza, alinyoosha mkono tu. Tepu zangu zilikuwa zimefungwa kwenye miti toka upande mmoja wa shamba hadi mwingine, zikivuma kwa upepo kufukuza ndege. "Mlizitupa," akasema, "nami ndege walikuwa wananimaliza." Tulizifungua pamoja wote watatu, mtoto akizikimbiza. Nyingine zilikuwa zimepauka, nyingine zimekatika vipande vifupi kama kidole.

Karakana ya Iringa wakanikubalia meza. Safari hii binti alikaa ndani, na mtoto pia. Nilisafisha kila kipande kwa kitambaa, nikakiunga na kukisikiliza. Ukikiunga kinyume, sauti hurudi nyuma kama mtu anayemeza maneno yake. Unakigeuza, unaanza tena. Mimi sikuweza kujua kipi kinafuata kipi. Yeye ndiye aliyepanga, neno kwa neno. Tulikaa siku nne. Na ile tepu tupu niliyoibania ilikuwa bado kabatini. Nikanakili humo kwanza.

Sehemu kubwa haikupatikana. Nisiwadanganye tena. Kilichobaki ni mzee akimwita binti yake kwa jina la utotoni, kikohozi, na maneno machache ambayo binti alinitafsiria akitazama ukuta: "Mlete mumeo nyumbani. Apewe kiti."

Nilidhani ataomba kuyasikia hayo tena. Akasema, "Baba, nirudishie pale anapokohoa."

Nikarudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Akaomba tena, nikarudisha tena. Kile nilichokiita takataka ndicho kilichokuwa baba yake.

Namshukuru mama huyo aliyeniita baba wakati nilistahili jina jingine. Namshukuru mama mfagiaji aliyeokota nilichotupa. Mtama wake nilikwenda kuulinda mwenyewe mpaka ukavunwa, kwa mikono na kwa kelele. Nalishukuru kanisa lililonipokea ulanzi ukiwa bado unanuka mdomoni mwangu.

Nanyi wanakwaya, mtu akikukabidhi neno, lisikilize kabla hujafanya kazi yako. Na kama umeshalikata, usikimbilie mji mwingine. Rudi useme, kisha uulize vipande viko wapi. Mungu awe nanyi. Nimemaliza.