Matanga ya Aliye Hai

Nkatha alikuwa ametoka zamu, amefumba macho ndani ya basi la kwenda Saint Paul, huko Amerika, lakini masikio hayana kope. Kwenye kiti cha mbele yake, mwanafunzi aliyejitambulisha kuwa Wanjala alikuwa akimsimulia mama mmoja Mkenya safari ya darasa lao, kutwa nzima kando ya pwani ya Ayalandi.

“Dereva alisimama kwenye kighuba kimoja, akavua kofia. Akasema zamani kijana wa pale akienda Amerika, jamaa zake walimfanyia matanga akiwa hai, maana walijua hawatamwona tena. Mama, wale watu walikuwa na moyo!”

“Moyo gani, kijana wangu? Huo ni uchuro, shetani ashindwe! Mimi nilisindikizwa kwa furaha.”

“Walikufanyia nini?”

“Walipika masufuria kwa masufuria. Wakaomba, wakaimba, wakalia mpaka asubuhi...”

Wanjala hakumuuliza ilikuwa mwaka gani, na Nkatha akampenda kwa adabu hiyo.

Basi liliposimama, mama alishuka bila kuaga. Nkatha, aliyechinjiwa fahali kule Meru siku aliyoondoka, mwaka wa tisini na moja, asirudi tena, akafumbua macho.