Nusu ya Njia Tuliyompa Profesa

Nana, baba wa mji huu. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali. Profesa Nsiah na madaktari wenzako. Mafundi wa Suame mliofunga gereji zenu kwa ajili ya leo. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana:

Mimi ni Akosua Frimpomaa, mjane wa Yaw Asiamah, fundi wa giaboksi, ambaye jina lake mmeliandika juu ya mlango wa maabara hii. Nimeitwa kukata utepe na kushukuru. Hotuba ya shukrani nilikuja nayo, lakini nimeiacha pale kitini, kwa sababu Profesa amezungumza kabla yangu na nimemsikia vizuri.

Profesa anastahili pongezi. Ametueleza kwa ufasaha kwamba kipimo cha hapa huchunguza kipande kilichokatwa kwenye tezi dume, kikatabiri kama saratani itatii sindano za kuzima homoni za kiume au itazikaidi mapema. Akaongeza, kwa fahari, kwamba kipande cha mume wangu kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuonyesha ukaidi huo, na kwamba wao walilijua hilo Yaw akiwa bado kwenye sindano zake za mwanzo. Mkapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kabla akili haijanirudia.

Walijua. Sisi nani alituambia?

Profesa alikuja nyumbani kwetu mwenyewe kuomba kipande hicho kwa utafiti wake. Tulimpa maji, akanywa, tukamuuliza kilichomleta, akaeleza. Alipotaka kuondoka akaomba njia, na Yaw akamwambia, "Profesa, tunakupa nusu. Nusu nyingine inabaki hapa, uje uichukue." Kila Mwashanti anajua maana yake: urudi, utuambie mambo yamefikia wapi. Profesa ni Mwashanti. Hakurudi.

Sisi tukaendelea na sindano. Mnajua zinamfanya nini mwanamume? Fundi aliyekuwa akibeba giaboksi peke yake alishindwa kuinua ndoo ya maji. Jasho lilimtoka hata akiwa amekaa kivulini. Kifua kikavimba, naye akaleta utani wake: "Akosua, niazime sidiria bwana. Nyumba hii sasa ina wanawake wawili." Alicheka yeye, mimi nikaenda kulia jikoni. Aliyavumilia yote akiamini yanamsaidia, kumbe saratani ilishazipuuza sindano zamani, na zile dawa ambazo mwenye saratani kaidi huongezewa mapema, ambazo Profesa amezisifu hapa, hakuna aliyetutajia. Sisemi angepona. Nasema angechagua mwenyewe.

Sasa hivi, kabla sijasimama, nimemnong'oneza Profesa: "Mbona hukutuambia?" Akanijibu kwa upole, "Maame, vipande vya utafiti majibu yake hayarudi kwa mwenyewe. Ndio utaratibu wetu." Utaratibu wa nani, Profesa? Na maji yetu uliyanywa kwa utaratibu upi? Nina hasira, na sitaificha eti kwa sababu nimevaa kitenge kizuri.

Tazameni safu ya pili. Yule mwenye shati la buluu ni Kwaku Badu, mdogo wake Yaw. Nimemtazama kumwomba ruhusa, naye ametikisa kichwa kukubali. Yuko kwenye sindano hizo hizo. Naye alimpa Profesa huyu huyu kipande chake, kwa kuwa kaka yake alitoa. Badu, shemeji yangu, usiinamishe kichwa, hujaiba kitu cha mtu. Profesa, majibu yake unayo, au nasema uongo?

Nana, uniwie radhi kama nimeharibu shughuli. Utepe sijakataa kuukata. Nitaketi na mkasi huu mapajani mpaka Profesa ashuke, amchukue Badu pembeni, amwambie kama saratani yake inatii au inakaidi, wakati bado ana nafasi ya kuchagua. Kisha aje kwangu achukue ile nusu ya njia aliyoiacha.

Wageni wetu, nawashukuru kwa kunivumilia hadi hapa. Profesa, Badu anakusubiri.