Mkono Wangu Ndani ya Mboji

Ndugu zangu, mnaonijua mtashangaa kuniona nimesimama bila karatasi. Mtu aliyeishi kwa kuandika makala, leo anaongea kwa mdomo mtupu! Msiogope. Mke wangu amekaa pale karibu na mlango, nikirefusha atakohoa. Kikohozi chake mnakijua.

Nilianguka nikiwa nanyoa ndevu. Nilipozinduka hospitalini niliambiwa ni kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pembeni yangu kama mgeni asiyejua aondoke lini. Ungeuchoma sindano, ungeuwekea barafu, haukuwa na habari. Nilijaribu kuandika kwa kushoto, mwandiko ukawa kama kuku kapita kwenye tope.

Lakini nawaambia ukweli, kilichoniumiza zaidi si kalamu. Ni salamu. Mzee anakuja kunijulia hali, nasema shikamoo, kisha nampa mkono wa kushoto. Mnajua wenyewe tunavyomwona mtu wa namna hiyo. Nikaacha kutoka nje. Kila jumuiya yetu ilipopangwa kusali kwangu, niliomba ihamishiwe kwa mwingine. Mlidhani naumwa. Nilikuwa naona aibu.

Mtaalamu wa mazoezi alinipa mpira mdogo wa kufinya. Basi mimi, msomi mzima, nakaa sebuleni nafinya mpira ambao hata siuhisi. Nikauviringisha chini ya kabati, nikamwambia mke wangu umepotea. Naona anatikisa kichwa. Mama, tutaongea nyumbani. Ah, kumbe ndiyo hapa nyumbani.

Sasa, mke wangu akienda kazini, ndoo ya takataka ilibaki na mimi. Kwa mkono mmoja sikuweza kuifikisha dampo. Nikaiburuta mpaka nyuma ya nyumba, nikaimwaga kwenye kona: maganda ya viazi, maganda ya ndizi, makapi ya chai. Kesho yake hivyo hivyo. Wengine huanza kutengeneza mboji kwa kuyapenda mazingira. Mimi nilianza kwa kushindwa kubeba ndoo.

Haikuchukua muda, nikasikia sauti ya jirani yangu juu ya ua.

"Shemeji! Umefuga fisi huko?"

"Ni mboji," nikajibu kisomi. Neno nilikuwa nalijua, mboji yenyewe sijawahi kuitengeneza.

"Mboji gani inanuka hivyo? Hata kuku wangu wamekunja sura!"

"Na moshi wako je? Kila asubuhi unanikaanga kama samaki!"

Jirani huyu ni mama wa Tunduru, na uwanja wake ni fahari ya mtaa. Anaufagia mpaka mistari ya ufagio inaonekana, kisha anakusanya majani ya mparachichi na kuyachoma. Hapa nawachokoza wote, maana mtaa wetu wote wa Msamala tunafanya hivyo. Tunaona jani moja uwanjani ni aibu ya nyumba. Tunafagia hadi udongo unakuwa mgumu kama sakafu, tunachoma chakula chake, halafu tunakwenda dukani kuununulia mbolea.

Mke wangu alirudi kutoka kazini akatukuta bado tunabishana.

"Huyu ana mabichi yanaoza," akasema, "huyu ana makavu anachoma. Mnashindwa nini kuchanganya?"

Tukatazamana kama watoto waliokamatwa na sukari.

Kesho yake jirani akaja na kiroba cha majani makavu na ndoo ya samadi ya kuku. Tukapanga tabaka la mabichi, tabaka la makavu, na samadi kidogo, tukanyunyiza maji. Nikawa napindua rundo kwa jembe la uma ili hewa ipite. Kushoto kunafanya kazi, kulia kumewekwa juu ya mpini kama abiria. Harufu ikaisha. Moshi ukaisha. Ndoo ya dampo ikabaki na mifuko ya plastiki tu.

Kisha ikaja baridi yetu ya mwezi wa saba. Asubuhi moja nikakuta rundo linafuka mvuke. Nikadhani limeshika moto. Sijui nilifikiri nini. Niliuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikauchomeka ndani.

Joto.

Ndugu zangu, si begani, si kwenye kiwiko. Kwenye ncha za vidole. Nilipiga kelele. Mke wangu akatoka mbio na fimbo, akijua ni nyoka.

"Nini?"

"Moto!"

"Uko wapi?"

"Mkononi!"

Aliushika mkono ule na uchafu wake, akakaa chini na gauni lake la kazini. Jirani akachungulia. "Shemeji, fisi amekuuma?" Alipoelezwa, aliinua mikono juu. Akasema tu, "Alhamdulillahi."

Sisemi mboji inatibu kiharusi. Msije mkaniletea wagonjwa! Hospitalini waliniambia hisia zilikuwa zinarudi polepole, niongeze mazoezi. Nikapiga magoti nikautoa mpira chini ya kabati. Ila nilipenda zaidi kufinya mboji yenyewe. Ukitaka kujua kama maji yanatosha, unafinya konzi moja: ishikamane, isichuruzike. Nililipima unyevu rundo lile kuliko rundo lolote Songea lilivyowahi kupimwa. Siku moja nikafungua kiganja, nikakuta donge lina alama za vidole vyangu vyote.

Ile kona iliyokuwa ngumu kama barabara, leo unaingiza kidole unakutana na nyungunyungu. Mvua ikinyesha maji yanazama, hayakimbilii tena kwa jirani. Majani ya maboga mtakayokula sasa hivi yametoka pale.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyenisubiri bila kunihesabia siku. Namshukuru jirani, ambaye leo amekuja ingawa si wa jumuiya yetu. Nanyi mliokuwa mnauliza habari zangu, asanteni. Ninachowaomba ni kimoja: msichome majani. Udongo unaoonekana umekufa unasubiri kulishwa, na hata mimi nilionekana hivyo.

Naona chakula kinaingia. Mwenye nyumba ndiye hunawisha wageni, na tangu nianguke sijamnawisha mtu. Mama, nipe jagi. Hapana, huku, mkono wa kulia. Jirani, wewe kwanza, nyoosha mikono. Nikikumwagia kwenye gauni utanisamehe.