Zinovie Sidorencu na Morun Aliyekosa Harusi

Zinovie Sidorencu alizaliwa tarehe 9 Februari 1946 hapa Sfântu Gheorghe, mahali Danubi inapomwagikia Bahari Nyeusi, mtoto wa pili wa Terente na Eftimia. Mto ulikuwa umeganda, mkunga hakufika, na baba yake akampima kwa mizani ya samaki. "Kilo tatu," alisema. "Kisheria huyu arudishwe majini." Eftimia hakucheka hadi kiangazi.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1953 hadi 1960. Mwalimu alipofundisha kwamba kila samaki ana uti wa mgongo wa mfupa, Zinovie alinyoosha mkono akakataa. Kesho yake alileta uti wa morun, samaki mkubwa kuliko wote wa mto wetu, laini kama sikio, akauweka juu ya meza ya mwalimu. Alama hakupata. Harufu ilikaa wiki nzima.

Mwaka 1961 aliingia mtumbwini na baba yake na kaka yake, Haralampie. Walitega ndoana zisizo na chambo karibu na sakafu ya mto, kwa kuwa morun husafiri chini, akipapasa matope kwa sharubu zake nne. Siku zile morun hakuuawa papo hapo. Alipitishwa kamba mdomoni ikatokea shavuni, akafungwa kwenye mti majini mbele ya nyumba, yu hai, ili kila mpita njia aone nani kapata.

Ndivyo alivyofungwa samaki wa harusi. Zinovie alimwoa Paraschiva Jumapili, tarehe 30 Aprili 1972. Siku tatu kabla alikuwa amempata morun wa mita moja na nusu mlangoni mwa mto. Samaki alivuta kamba mpaka shavu la kushoto likachanika, na sharubu moja ikakatika. Paraschiva akaja kumwona.

"We Zinovie, huyu mtoto! Morun jike habebi mayai mpaka apite miaka kumi na tano. Hajazaa hata mara moja, nawe unataka kuwapikia shangazi zangu?"

"Umejuaje ni jike?"

"Kwa ukaidi wake."

Zinovie akakata kamba. Wageni mia na ishirini wakala mchuzi wa samaki wa vidimbwini, na Haralampie akasimama juu ya kiti. "Mdogo wangu kaoa, akili zimekwenda baharini! Siku samaki huyo akirudi, mimi mwenyewe nafunga aproni, napikia kijiji kizima mchuzi huuhuu!"

"Atarudi," alisema Zinovie.

Alisema hivyo miaka hamsini na moja. Morun hukulia baharini, hupanda mto akitafuta changarawe, hutaga, hurudi chumvini, na baada ya miaka kadhaa huanza safari upya. Hafi kwa kuzaa, na anaweza kuishi miaka mingi kuliko sisi. Zinovie alichungulia shavu la kila morun, wake na wa majirani. Uvuvi wa morun ulipopigwa marufuku mwaka 2006, akawa nahodha wa wataalamu wanaowapima samaki na kuwaachia. Kijiji kikamcheka. Akaendelea kuchungulia.

Novemba 2022 madaktari kule Tulcea walikuta mapafu yake yamekwisha. Alikataa kulazwa. "Nina mgeni njiani," aliwaambia.

Tarehe 24 Aprili 2023, saa nne asubuhi, wataalamu walimwita Zinovie. Haralampie alimbeba mgongoni mpaka mashuani, akilalamika njia nzima. Majini alikuwapo morun wa mita tatu na nusu, tumbo limejaa mayai, sharubu tatu.

"Huyo mwingine," alisema Haralampie.

"Kaka, acha ubishi. Tia kidole."

Haralampie akatia kidole kwenye mpasuko wa shavu la kushoto, pale ilipopita kamba. Akavua kofia, na hilo hakuwahi kumfanyia samaki tangu azaliwe. Zinovie alimfungua samaki kwa mkono wake. "Nenda kazae, bibi harusi," alisema, na mkia ukawalowesha wote.

Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 3 Mei 2023, mkono wake mkononi mwa Paraschiva, akitabasamu kama mtu aliyeshinda.

Ameacha mke, Paraschiva, watoto watatu, Irina, Artiom na Melania, wajukuu watano, na kaka yake Haralampie, miaka themanini, ambaye chini ya koti lile jeusi amefunga aproni. Mchuzi uko motoni tangu alfajiri, na hakuna ruhusa ya kuondoka bila kula.

Zinovie apumzike kwa amani. Alisema morun atarudi, na morun alirudi.