Bwana Sulaimani na Upepo Uliopita Kabla ya Saa Tisa

Mlipotelea wapi ninyi? Mwaka wa tatu huu sijaona mtu wa zamani akikanyaga baraza la ofisi yetu. Mlihamishwa, sawa. Lakini hata yule anayekaa Kansanga, mwendo wa basi moja tu, akinikuta sokoni Owino anajifanya anachagua nyanya. Watoto mliowazaa siwajui sura. Sasa karatasi hii mnaletewa mkononi, na mtaisoma hadi mwisho.

Tarehe 30 Juni 1978, Bwana Sulaimani Sebit, mpimaji wa hali ya hewa, anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na mmoja. Wakubwa waliomba mtu mmoja aandike habari zake kwa ajili ya siku ya kumuaga, na wote waliosoma wakapata kazi nyingi ghafla. Basi nimeandika mimi, bibi yenu, Jaja Aminah wa chai. Kalamu sikufundishwa kushika. Maneno ni yangu, mashine ya chapa ni ya Acen, karani wetu. Kaniuliza kama nina akili timamu; nimemjibu kwamba nina miaka sabini na aendelee kupiga.

Alianza mwaka 1947 akifyeka nyasi kwenye uwanja wa vipimo. Mwaka wa tatu alikuwa akisoma kipimajoto, mwaka wa saba akashika kitabu cha vipimo, na tangu hapo kitabu hakikuwahi kulala mikononi mwa mtu mwingine. Kila baada ya saa tatu hutoka, hutazama mbingu, husoma vipimo, huandika. Siku ya harusi ya binti yake aliwaacha wageni na pilau yao, akaja kupima mvua ambayo haikunyesha. Akaandika: hakuna.

Wakongwe mnakumbuka habari ya mbuzi. Zamani za Waingereza mbuzi aliingia uwanjani akanywa maji ya lile beseni la kupimia jinsi jua linavyokausha. Mtu mwingine angejaza maji akanyamaza. Yeye akaandika kwamba maji yamenywewa na mbuzi. Mkubwa wa Kizungu akaleta barua ya mzaha, akiuliza mbuzi hunywa kiasi gani. Sulaimani akamtafuta mbuzi yule yule, akamnyima maji asubuhi nzima, akampimia, akajibu barua. Huyo ndiye mtu tunayemuaga. Haongezi, hapunguzi.

Na kwa uaminifu huo huo alimfunga mtu.

Ilikuwa tarehe 9 Aprili 1975, saa nane imepita mchana. Nilikuwa barazani na birika, nanyi watatu mlikuwa pamoja nami na vikombe vyenu. Majina sitayataja, mnajijua. Wingu jeusi lilitokea upande wa ziwa, likashusha mkia hadi Namuwongo, karibu na reli. Mmoja wenu akasema, "Jaja, tazama, mbingu inavuta tumbako." Tukacheka. Kisha tukaona mabati yakiruka kama karatasi, na kicheko kikaisha. Chai ilikuwa haijapoa, kisulisuli kikawa kimeondoka.

Sulaimani hakukiona. Alikuwa kwenye chumba kisicho na dirisha, akibadilisha karatasi ya mashine ya kupimia hewa. Saa tisa alitoka, hakuna jani lililotikisika, akaandika: upepo, shwari. Nikamweleza. Akaniambia, "Mama Aminah, mimi naandika ninachokiona kwa saa yake. Macho ya mtu mwingine siyaandiki." Hata hivyo akawauliza ninyi. Lakini gari la askari lilikuwa limeshasimama kwenye ghala la serikali kule chini, lililong'olewa paa, nanyi mlikuwa mmeliona. Mkamwambia mlikuwa mnakunywa chai.

Ghala hilo lilikuwa limebaki kuta tupu. Mlinzi wake, Odur, mtu wa Lira, alisema ni upepo. Askari wakatazama nyumba ya jirani: nguo za watoto zilikuwa bado zinaning'inia kwenye kamba. Wakamwuliza ni upepo gani unaong'oa paa na kuacha shati. Kesho yake wakaja kwetu kuchukua ukurasa. Ukurasa ulisema shwari. Odur alipewa miaka kumi kwa kuharibu mali ya taifa. Mkewe, Ayot, kila Ijumaa anapeleka chakula kwenye geti la gereza. Bakuli linarudi tupu, kwa hiyo tunasema yuko hai.

Tangu siku hiyo mmekuwa mkisikia kwamba Sulaimani amechanganyikiwa, anatembea akihesabu hatua. Ni kweli anahesabu. Alianzia Namuwongo: upana wa njia ya upepo ule ni hatua ishirini na nane, urefu haufiki maili. Migomba ya upande mmoja imelalia huku, ya upande wa pili imelalia kule. Bati moja limejizungusha kwenye nguzo ya reli kama leso kiunoni. Baadaye akawa anakaa Owino na wauza mkaa wanaotoka kila upande, anawauliza wameona nini, halafu anapanda basi kwenda kutazama mwenyewe. Kwa miaka mitatu amepata visulisuli kumi na tisa. Vinane amevikata kwa sababu hakuridhika. Vimebaki kumi na kimoja, na vifo viwili, mama na mtoto walioangukiwa na ukuta.

Mkubwa wetu alimwambia pepo za namna hiyo ni za Amerika, kwenye tambarare zao. Nchi yetu hewa yake ni ya upole. Sulaimani akamletea kitabu cha wataalamu. Hata Uingereza, kwa watu wa manyunyu na makoti, vinahesabiwa kwa makumi kila mwaka, vingi vidogo, vinakula paa na miti. Nilimwomba anieleze kwa maneno yangu mimi. Alisema ukikaa katika nyumba moja maisha yako yote, huenda usikione hata kimoja. Lakini nchi nzima ikikaa mwaka mmoja, kuna mtu atakiona. Huku kwetu hakibomoi mji. Kinabomoa nyumba moja, na ndiyo maana mwenye nyumba haaminiwi.

Sasa sikilizeni. Kanuni inamruhusu mpimaji, akiwa bado kazini, kuongeza neno chini ya ukurasa wa zamani, kama watumishi wawili walioona kwa macho yao watatia sahihi. Bwana mmoja wa magereza amesema akiupata ukurasa huo atauweka mbele ya wanaopitia mafaili ya wafungwa. Hakuahidi zaidi ya hapo. Mimi niliweka dole gumba. Likarudishwa, eti mpika chai si shahidi wa hali ya hewa. Sulaimani amewaandikia ninyi mara tatu. Anayekuja kushika kitabu tarehe mosi Julai ni kijana mwenye watoto wadogo, ameshasema ukurasa huo hataugusa. Simlaumu.

Najua mnaogopa. Hata mimi gari likisimama nje, kwanza natazama kama lina namba, maana yasiyo na namba ndiyo yanayochukua watu. Lakini mmekula mkononi mwangu, mmoja wenu nilimuuguza malaria wiki mbili kwenye mkeka wangu mwenyewe, na sikuwalea mje kuwa watu wa kuchagua nyanya.

Bwana Sulaimani, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya kutoka kwenye jua na mvua. Ulikosea siku moja, na miaka mitatu hukujificha nyuma ya kanuni yako. Wengine wamekosea siku hiyo hiyo na wanalala vizuri. Nenda nyumbani, kula hadi ushibe, mbingu zitazame bure kama watu wengine. Mungu akupe afya na magoti ya kutembelea.

Nanyi, mkija, msije siku ya sherehe kupiga makofi. Njooni kabla ya tarehe thelathini, saa tisa mchana, kitabu kikiwa wazi mezani. Mtamkuta Ayot ameketi hapo. Msalimieni kwanza, ndipo mshike kalamu. Zinatakiwa sahihi mbili nanyi mko watatu. Kwa hiyo ninaweza kumsamehe mmoja tu.